Siku Niliyomjibu Mtani kwa Upole

Mimi ni mtu wa kelele. Nilikuwa hivyo kabla sijaugua, na sitaki mtu anisingizie kwamba kelele nimeletewa na ugonjwa. Nikiwa binti nilikuwa naita mbuzi wetu kutoka uwanjani, wanakuja na mbuzi wa majirani. Mume wangu aliponiposa alijua anachukua nini. Alikuja mwenyewe, na macho yake mawili na masikio yake mawili, akanisikia nikigombana na ndoo kisimani, akaenda kwao akasema, "Huyo huyo." Kwa hiyo asijifanye alidanganywa.

Ugonjwa wenyewe ni wa akili, nausema mapema tusisumbuane. Ulinipata mwaka ambao mtoto wetu alianza kutembea. Usingizi ulikata. Halafu nikaanza kuona kwamba watangazaji wa redio wananisema mimi. Basi nikawa nawajibu. Mume wangu akaizima redio, nikaendelea kuijibu. Ndipo wakanipeleka hospitali mjini, nikalazwa, nikapewa dawa, nikalala usingizi ambao sikuujua tangu utotoni, nikapata nafuu, nikaruhusiwa. Watu wanadhani hapo mambo yameisha. Thubutu! Kulazwa ni rahisi, unalala tu. Kazi ni kukaa nyumbani baada ya kuruhusiwa.

Siku niliyorudi Magamba, uwanja ulijaa watu wa kuniambia pole. Walinisalimia kwa sauti ya chini kama wanaongea na mtoto mchanga. Mwanamke mmoja alinipungia mkono ingawa nilikuwa mbele yake. Walioninyima kiti zamani walinipa viti viwili. Nilikaa hapo nikajiona mjinga.

Aliyenitoa huko ni mtani wangu. Huyu ni Msukuma, baba mtu mzima, kwao walihamia huku na ng'ombe wao yeye akiwa kijana, na kila asubuhi hupita mbele ya nyumba yetu akiwapeleka kunywa maji. Mimi Mfipa, na kwetu mimi na yeye utani ni wajibu, salamu bila tusi si salamu. Alisimama na fimbo yake mabegani, akaniangalia katikati ya watu wote wale, akasema, "Umerudi? Kule wamekuchoka haraka hivyo? Au uliwatishia radi, Mfipa wee?" Watu wakamwona mtu katili. Sisi Wafipa tunasingiziwa kwamba tunatuma radi, basi nikamrushia mwiko nikamwambia hata radi ina hadhi yake, haipigi mtu anayelala na ndama chumbani. Akaokota mwiko akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. Nikajisikia nimefika.

Mara ya kwanza kurudishwa hospitali ilikuwa miaka michache baadaye, kwa sababu ya palizi. Zile dawa zilinipa njaa na usingizi. Njaa niliimudu, nilikula cha kwangu nikamsaidia mume wangu na cha kwake. Usingizi ndio ulikuwa balaa. Nililala kanisani nimesimama kwenye kwaya, na wanasema niliendelea kuimba. Nililala shambani kidevu kikiwa juu ya mpini wa jembe. Nyasi zikawa zinapita magotini. Kikafanyika kikao: mume wangu, wifi yangu anayekaa Kawajense, na mimi mwenyewe nikisinzia. Wifi ndiye aliyetoa wazo. Alisema tuzipumzishe dawa, palizi ikiisha tuziendeleze. Sote tuliona ni busara, maana alisema kama anazungumzia baiskeli.

Palizi kama ile haijawahi kutokea. Nilipalilia shamba letu, nikapalilia la jirani, nikahamia njia ya kwenda shule. Mume wangu alikuwa ananisifu mpaka aliponikuta nalima katikati ya barabara, bodaboda wanapita pembeni wananipigia honi. Sista wa wodi kule hospitali, mama mnene mwenye kicheko, aliponiona mlangoni aliniuliza, "Mama Kelele, ulisahau nini huku?" Na ndipo wifi akamchukua mtoto akakae naye Kawajense, kwa muda tu, mpaka nitakapotengemaa.

Mara ya pili ilikuwa jogoo. Sina aibu kuisema. Nilikuwa nimeruhusiwa, nakunywa dawa vizuri, nalala usiku, mchana niko macho. Nimeivisha ugali, nimeupakua, nimegeuka kuchukua mboga, jogoo la jirani likaingia jikoni likasimama juu ya ugali. Si pembeni, juu! Linaniangalia. Sasa wewe mwenye akili timamu ungeliambia nini? Nililiuliza kama kwao halikufunzwa. Nililiambia nimeshachinja wakubwa wake. Sauti ilipanda, sikatai. Wifi, ambaye hapo ndipo alikuwa anashuka kwenye bodaboda kuja kutusalimia, akanikuta na mwiko mkononi nabishana na kuku.

Hakuuliza. Alitoa simu akaandika kwenye kundi la ukoo: "Ndugu zangu, imeanza tena. Tuombeane." Kabla sijaliondoa jogoo kwenye ugali, shemeji aliyeko Sumbawanga alikuwa ameshatuma vile vikono vya kusali. Nikapandishwa bodaboda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, mume wangu nyuma amenikumbatia kama gunia la mpunga. Njia nzima niliwaeleza watu habari ya jogoo. Niliwaeleza wauza karanga, niliwaeleza mafundi baiskeli. Kila nilivyoeleza ndivyo walivyotikisa vichwa.

Hospitali nilimkuta daktari kijana, mgeni, mpole. Akaniuliza, "Mama, unajua hapa ni wapi?" Na mimi nimekasirika. Nikamjibu, "Hapa ni Ulaya." Akaandika. Akaniuliza kama nasikia sauti za watu ambao hawapo. Nikamwambia laiti wangekuwa hawapo ningeshukuru, ila wako nyuma yangu, mmoja ni mume wangu na mwingine ni wifi, anakuja na bodaboda yake. Akaandika. Akauliza nani kanikasirisha. Nikasema jogoo. Akainamisha kichwa taratibu, akauliza, "Alikuambia nini?" Nikamwambia, "Daktari, jogoo haongei. Wewe hujambo?" Hilo nalo akaliandika. Ningekuwa mimi ni yeye, hata mimi ningenilaza.

Nilikaa humo mpaka sista aliporudi kutoka likizo. Aliniita pembeni, akanisikiliza kuanzia ugali mpaka Ulaya, akacheka akashika ukuta, halafu akaenda kuongea na yule daktari. Lakini siku zile nilizokaa nilijifunza jambo. Wanawake wa wodi ile tulikuwa tunajuana kama wanakwaya, maana karibu wote tulikuwa tumerudi. Mmoja alikuwa ameachishwa dawa ili aombewe, akaombewa vizuri, akaugua vizuri. Mwingine alirudishwa kwa kucheka msibani. Alituapia kwamba suruali ya mbeba jeneza ilidondoka, na kwamba hata marehemu angecheka. Waombolezaji wote walicheka, akarudishwa yeye peke yake. Tulicheka naye, kisha akalia, na sisi tukakaa naye. Ukishalazwa mara moja, kicheko chako hakiwi tena kicheko.

Nilipotoka, mimi na mume wangu tulipitia Kawajense kumchukua mwanangu. Wifi alinikaribisha vizuri, chai na maandazi. Mtoto alikuwa amekaa nyuma ya mlango akinichungulia. Alikuwa amerefuka. Wifi akasema hatanipa. Alisema mtoto anataka pa kutulia, si leo mama yupo kesho mama kabebwa. "Wifi yangu, ukikaa kwako tangu mvua za kwanza mpaka mahindi yaingie ndani bila kurudi kule, njoo umchukue. Ukirudi tu, ataanza shule akiwa hapa kwangu." Mume wangu alitazama maandazi. Nilitaka kupiga meza. Nikamwona mtoto anavyonichungulia, nikasema, "Sawa, wifi. Asante."

Hapo ndipo nilipokuwa mtu mpole.

Jamani, upole ni kazi. Kila kilichokuwa kinanipandisha sauti nilikimeza. Nikawa natembea taratibu, naongea taratibu, nasema asante kwa kila kitu. Nikiletewa kuni, asante. Nikikanyagwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, asante. Jogoo lile lilirudi, likasimama juu ya ugali mwingine, nikaliambia karibu. Mume wangu alikuwa ananiangalia kwa pembeni kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko ilivyopaswa, anaogopa kuuliza. Wifi alikuja kukagua, akaniletea kitenge. Kwenye kundi la ukoo akaandika, "Mungu ni mwema, sasa kapona kabisa." Mtani ndiye aliyenitesa. Kila asubuhi ananirushia neno, mimi namrushia kidogo tu, nachungulia njiani kama wifi haonekani. Alianza kulalamika kwamba matusi yangu yamepungua chumvi.

Masika yakawa makali, na dawa zikaniishia. Zamani ningesimama uwanjani nikasema, "Baba watoto, dawa zimeisha, nipeleke kliniki sasa hivi!" na kijiji kizima kingenitafutia usafiri ili kipumzike. Lakini sasa kliniki iko palepale hospitali. Kwenda kliniki ni kwenda kule, na wifi alisema nisirudi kule. Nikamwangalia mume wangu anavyohangaika na mvua, nikasema moyoni kesho. Kesho yake nikasema kesho. Nilikuwa naogopa, na hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mtoto atavaa sare ya shule na atakayemfunga vifungo si mimi.

Usingizi ukaanza kuondoka. Sikusema. Kusema sijalala ilikuwa ni kujishtaki. Nilijilaza nimefumba macho nikihesabu pumzi za mume wangu, alfajiri nainuka nafagia uwanja, nafagia tena, halafu naona nilivyofagia kwanza si vizuri. Moyo ukawa mwepesi. Nikaanza kuwapenda watu wote. Nikiwaangalia mchwa machozi yananitoka. Na hakuna aliyeshtuka, maana uwanja ulikuwa safi na mama alikuwa kimya. Wanakwaya walinipongeza. Mimi mwenyewe nilidhani huo ndio utakatifu.

Asubuhi ile mtani alikuja na ng'ombe wake kama kawaida. Akasema, "Mfipa wee, mvua yote hii ni yako? Punguza, ndama wangu wanakohoa." Nikaacha ufagio, nikamwendea, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamwambia, "Karibu, ndugu yangu. Mungu akubariki wewe na mifugo yako yote."

Akatoa mkono wake kama ameungua. Akaniangalia machoni. Akasema, "Mayu?" Hilo ni mama kwa lugha yao, neno la heshima, na tangu tujuane hajawahi kuniita hivyo.

Kwa jinsi alivyoduwaa, akasahau ng'ombe. Wale nao hawajui utani, wakaona shamba langu la mahindi halina mtu, wakaingia. Wewe kama unatoka huku unajua ng'ombe kuingia kwenye mahindi ni nini. Watu wamefikishana mpaka serikalini, watu wamekatana mapanga. Mume wangu alitoka ndani na shati halijafungwa, akapiga ukelele. Mimi nikamwambia kwa sauti ndogo, "Waache wale, baba watoto. Nao ni viumbe."

Mtani akageuka kwa mume wangu. "Huyu mtu anaumwa."

"Anaumwa nini? Kakujibu vizuri!"

"Ndiyo maana nakwambia!"

"Siku zote unalalamika anakutukana, leo kakubariki unalalamika!"

"Bwana wee, geuka uangalie mahindi yako, halafu mwangalie mkeo."

Mume wangu akageuka. Aliwaona ng'ombe wamezama mpaka mabegani, wanatafuna chakula chetu cha mwaka. Akaniangalia mimi. Nilikuwa natabasamu. Nakumbuka lile tabasamu, lilikuwa linaniuma mashavu na sikuweza kulitoa. Alifunga shati lake vifungo vyote vikaenda upande, akasema, "Twende."

Safari hiyo tulikwenda bodaboda mbili. Mtani alipanda ya nyuma yetu, kila tukipunguza mwendo ananipigia kelele za matusi, ananiambia Wafipa ni hivi, Wafipa ni vile, anasikilizia kama nitajibu. Mimi namwambia amina. Tulipofika aliingia kliniki mbele yetu na fimbo yake. Wakamwambia apange foleni, hakusikia. Akamwambia sista, "Ng'ombe wangu wamekula mahindi yake, na hajanitukana!"

Sista alianza kucheka. Halafu akaniangalia, kicheko kikakatika. Akauliza, "Huyu amelala lini?" Wale wanaume wawili wakatazamana. Hakuna aliyejua. Akaniuliza mimi, polepole, na hapo ndipo lile tabasamu lilipodondoka. Nililia. Nilimwambia sijalala, dawa zimeisha, sikusema, kwa sababu nikilazwa leo nimemkosa mwanangu. Nilimshika gauni nikamwambia asinilaze. Mume wangu alikuwa mlangoni, nikamwona anajifuta macho kwa mkono ule ulioshika kofia ya pikipiki.

Sikulazwa. Walinichoma sindano, wakanipa dawa, na sista akawaambia wale wawili kwamba wamewahi, wangengoja kidogo hali ingekuwa nyingine. Akamwambia mume wangu mimi nikinyamaza asishukuru, aulize. Akamwambia mtani aendelee na kazi yake. Mtani akavimba kichwa, mpaka leo anasema yeye ni mtu wa afya.

Nililala, nikala, nikalala. Kilichorudi kwanza ni hasira ya mahindi. Niliamka mchana mmoja nikaenda shambani, nikaona mabua yalivyolala, nikapiga ukelele ambao mtani aliusikia kutoka huko aliko. Alikuja mbio, anafurahi, nikamtukana yeye, ng'ombe wake na njia waliyokuja nayo. Alilipa mahindi kwa ndama, huku anacheka, na ndama huyo mpaka leo ana jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Halafu wifi akaja. Habari zilikuwa zimemfikia. Hakukaa hata kwenye kiti, alisimama uwanjani na mwavuli wake akasema imebidi aseme ukweli, nimerudi kule, na tulikubaliana. Mtoto atabaki Kawajense.

Nilijaribu kusema sawa, wifi. Niliifungua midomo kwa ajili hiyo. Kilichotoka si hicho. Nilimwambia, "Wifi, nilinyamaza kwa ajili yako mpaka nikaugua! Nimelibembeleza jogoo! Nimewabariki ng'ombe kwenye mahindi yangu! Unataka nifanye nini tena, nife kwa adabu? Nilienda kliniki, nikatibiwa, nikarudi jioni, kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Mimi nina sauti, nilizaliwa nayo, na mtoto yule nimemzaa nayo!"

Wifi akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta simu. Mume wangu, mtu ambaye kwenye vikao vyote vile alikuwa anatazama maandazi, akaushika mkono wake. Akasema, "Dada, weka simu. Huyu ndiye mke wangu. Siku akikusalimia kwa upole, ndiyo unipigie."

Wifi alikaa. Alikaa chini kwenye jamvi na mwavuli wake ukiwa wazi. Akasema yeye hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaogopa, mtoto alikuwa anaamka akiuliza mama yuko upande gani leo, nyumbani au kule, na yeye hakuwa na jibu. Na kwamba mtoto akiondoka nyumba yake itakuwa kimya sana. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Nikamletea uji. Nikamwambia una sukari kidogo kwa sababu hakusema anakuja.

Mahindi yaliyobaki yalipoingia ndani, wifi alimleta mwenyewe. Mtoto alishuka na mkoba wake mdogo, akapiga goti, "Shikamoo mama," kwa sauti ya chini. Nikajua amefundwa. Amekuja na maagizo: usimkasirishe mama. Basi akawa hivyo siku zote zile za mwanzo. Nikimpa chakula, asante mama. Nikimwita anatembea kwa ncha za vidole. Kikombe kilimdondoka kikavunjika, akasimama pale ananitazama usoni bila kupepesa, anangoja aone mama atakuwa nani. Nilicheka ili asiogope, akaniogopa zaidi. Niliumia kuliko nilivyoumia wodini. Nilijua upole ule, niliwahi kuuvaa.

Nilimfulia sare, nikamshonea kifungo.

Asubuhi ya kwanza ya shule nilimkalisha katikati ya magoti yangu nimchane nywele. Zilikuwa zimefungana, na mimi mkono wangu si mwepesi. Nikavuta. Akanyamaza. Nikavuta tena. Nikaona mabega yamepanda. Mara ya tatu alijichomoa, akageuka na nusu ya kichwa imesimama, akapiga kelele mpaka kuku wakaruka, "Mama, unaniumiza! Shangazi anajua kuchana, wewe hujui! Sitaki!"

Mume wangu akatoka ndani anakimbia, mswaki mdomoni, macho kwangu, macho kwa mtoto. Nilikuwa nalia na chanuo mkononi, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nikamwambia arudi ndani akapige mswaki, mtoto wake amefika.